Namna ya kuandika maisha ya babu aliyeingia Keya vita vikiwa ukingoni

Askari aliyeingia mapema Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki katika Vita vya Pili vya Dunia, ana mapigano ya kushikia: Gondar, Madagaska, Burma (Myanmar ya leo). Aliyeingia mwishoni, mkulima aliyeacha jembe mwaka 1945, huachiwa maneno mawili tu na ukoo wake: "alikuwa Keya" na "alirudi". Nimeandika maisha ya babu yangu mzaa baba, mkulima wa mpunga na karafuu wa Mtambwe, Pemba, aliyekwenda jeshini miezi michache kabla Mjapani hajasalimu amri. Tangu hapo jamaa na wanafunzi wangu wa skuli huniuliza wao waanzie wapi. Naeleza hapa kwa urefu, kwa kuwa wanaokumbuka mambo haya wanatutoka mmoja mmoja.

Kabla ya yote, usimtafute babu vitani. Mtafute kijijini, kisha kambini, kisha kijijini tena. Vita vyake vilikuwa vifupi na pengine hakufyatua risasi hata moja. Ukiandika kwa pupa ya kumpata shujaa wa Burma utampoteza mtu mwenyewe, na mtu mwenyewe ndiye anayestahili kuandikwa.

Anza na wanawake

Wengi huenda barazani kwa wazee wanaume na kuuliza, "Babu alipigana wapi?" Wanajibiwa "Bama," yaani Burma, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nilianza na mdogo wake babu, wa tumbo moja, ambaye sote tunamwita bibi. Hakujua jina la kikosi wala cheo. Alijua mama yao alipika nini usiku wa kuamkia safari, nani alimsindikiza mpaka Wete, jahazi lilikuwa la nani, na baadaye fedha zilifika kwa mkono wa nani. Wanawake ndio waliobaki na makonde na watoto wanaume walipoondoka, na ndio waliongoja sehemu ya mshahara ambayo askari aliweza kuikatia nyumbani. Mtu anayengoja hela hukumbuka vizuri.

Nenda baada ya sala ya alasiri, kazi zikiwa zimepungua. Chukua sukari au kahawa. Simu usiitoe kwanza; kaa, ulizia afya, ulizia wajukuu, kisha omba ruhusa ya kurekodi na ueleze sauti itakwenda kwa nani. Feni izimwe, kwani mvumo wake hula maneno yote ya chini. Weka simu juu ya kanga iliyokunjwa, karibu na msemaji. Kabla hajaanza, taja mwenyewe tarehe, mahali na jina lake. Saa moja inatosha. Akichoka utarudi siku nyengine, na mara nyingi siku ya pili ndiyo yenye habari, kwa sababu usiku wa kwanza amelala nayo.

Uliza vitu, usiulize vita. Alilala juu ya nini? Alivaa nini miguuni? Nani mwengine wa kijiji alikwenda naye, na nani alijificha asiandikwe? Alirudi na nini mkononi? Aliporudi alianza kufanya nini ambacho zamani hakufanya? Swali hili la mwisho ndilo lililonifungulia mlango.

"Bibi, aliporudi alibadilika nini?"

"Chakula. Akitaka mkate wa boflo asubuhi, na huku shamba boflo litoke wapi?"

"Aliuzoea wapi?"

"Kwa Wataliani. Akisema wakioka wao, na yeye kawasimamia na bunduki."

Mtaani kwetu kila mtu alikuwa akisema babu alipigana Bama. Hakuna aliyewahi kutaja Wataliani. Neno hili la mkate lilinipeleka mahali ambapo swali la vita lisingenifikisha, nami nitalirudia chini.

Uliza pia kwa nini alikwenda, na usiridhike na jibu kwamba alitaka kuona dunia. Kumbuka hali ya visiwa miaka ile. Kabla ya vita, sehemu kubwa ya mchele ulioliwa Unguja na Pemba ulitoka Burma. Rangoon ilipoanguka mikononi mwa Wajapani mwezi Machi 1942, mchele ule ulikatika. Watu walirudi kwenye muhogo, viazi vitamu na ndizi, chakula kikagaiwa kwa kipimo, nguo zikawa adimu. Juu ya hayo kulikuwa na madeni ya zamani: mashamba mengi ya karafuu yalikuwa rehani tangu bei ilipoanguka, hata serikali ikalazimika kutunga sheria za ardhi na madeni mwaka 1934. Babu yangu alikwenda kwa sababu mikarafuu ya baba yake ilikuwa imewekwa rehani na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Bibi alinieleza hili kwa sauti ya chini, na nililiandika kwa sauti ileile, bila kulitia chumvi. Sababu ya aina hii ndiyo moyo wa habari nzima. Ukiikosa, aya zote zinazofuata zitakuwa za mtu yeyote.

Tafuta mwaka kwa mwezi

Wazee wetu hawatakwambia "Machi 1945". Watakwambia "mfunguo sita, Maulidi yameshasomwa" (yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani), au "mpunga ulikuwa unachanua", au "kaskazi ilikuwa inakwisha". Usiwasahihishe. Hizo ni tarehe, tena nzuri, mradi ujue kuzigeuza.

Ramadhani ya mwaka 1944 iliandama karibu na tarehe 20 Agosti. Ya 1945 iliandama karibu na tarehe 10 Agosti. Ya 1946 ilianza mwishoni mwa Julai. Ruhusu siku moja au mbili kwa ajili ya mwezi kuonekana. Sasa tazama: Ujerumani ilisalimu amri tarehe 8 Mei 1945, lakini Japani ilitangaza kusalimu amri tarehe 15 Agosti, yaani katika siku za mwanzo za mfungo, na hati ikatiwa saini tarehe 2 Septemba, katika kumi la mwisho. Mzee akikwambia vita vilikwisha watu wamefunga, amekupa 1945 kwa uhakika kuliko karatasi nyingi.

Bibi alisema babu aliondoka mfunguo sita baada ya Maulidi, na Ramadhani iliyofuata ndiyo iliyokuja na habari za vita kwisha. Maulidi ya mwaka huo wa Hijria, 1364, yaliangukia mwishoni mwa Februari 1945. Basi aliondoka mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, kaskazi ikiwa bado ina nguvu. Kurudi kwake alikuweka baada ya Idi, karafuu zikiwa zinaanza kuchumwa. Ramadhani ya 1946 ilimalizika mwisho wa Agosti, hivyo alirudi Septemba 1946 au karibu yake. Kwa mazungumzo ya mtu mmoja, ambaye hakuwahi kutaja tarehe hata moja ya Kizungu, nilipata mwanzo na mwisho wa utumishi.

Kama familia yako inasema "vita vya Mjarumani", simama kwanza. Inawezekana wanazungumzia Vita vya Kwanza, vile vilivyoingia mpaka bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, meli ya Kijerumani Königsberg ilipoizamisha Pegasus ya Waingereza. Waliochukuliwa mwishoni mwa vita vile, hasa mwaka 1917, wengi walikuwa wapagazi wa kubeba mizigo, sio askari wa bunduki, na njia ya kuwatafuta ni nyengine. Umri utakusaidia: aliyeoa baada ya 1940 akiwa kijana hawezi kuwa wa vita vile.

Pima kila hadithi kwa tarehe

Hapa pana kazi ngumu ya moyo, kwa sababu utagusa fahari ya ukoo. Kila askari mzee wa Keya huitwa mtu wa Bama, na wako waliokuwa wa Bama kweli. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru begani, ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, ikapigana katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za 1944, ikafika mto Chindwin na kuuvuka mwezi Desemba, pale Kalewa ambapo palijengwa daraja refu la chuma. Ndani yake mlikuwamo batalioni za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Baada ya hapo divisheni ilirudishwa India kupumzika. Brigedi ya 28, ambayo ilikuwa peke yake, ilipigana upande wa mto Irrawaddy mwanzoni mwa 1945.

Sasa weka tarehe ya kuingia kwa babu yako kando ya hizi. Mkulima aliyeandikwa Machi 1945 alihitaji miezi ya mafunzo: kwata, bunduki, kuvaa buti mtu aliyezoea kutembea pekupeku. Kabaw ilikuwa imekwisha. Hakupigana Kabaw. Hilo si aibu, na usiliandike kama aibu.

Nilirudi kwenye mkate wa Wataliani. Waitaliani waliposhindwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941, maelfu kwa maelfu ya mateka wao waliletwa Kenya na kuwekwa katika kambi kama Nanyuki, Gilgil, Naivasha na Londiani. Walifanya kazi za barabara, ujenzi, bustani na jikoni. Kanisa dogo lililo kando ya barabara ya kuteremkia Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa, walilijenga wao mwaka 1942. Vita vilipokwisha hawakuondoka mara moja, kwa kuwa meli hazikutosha, na wengi waliendelea kungoja hadi 1946. Walihitaji walinzi. Nani awalinde, ikiwa askari wazoefu wako India? Wale wapya.

Nikarudi kwa wazee na maswali mapya, safari hii ya baridi na mlima. Mzee mmoja, ambaye alikuwa mtoto babu aliporudi, akakumbuka mara moja: babu alikuwa akiwasimulia watoto kuhusu mlima wenye kitu cheupe kileleni kama chumvi iliyomwagika, na hakuna aliyemsadiki. Nanyuki iko chini ya Mlima Kenya kabisa. Mtu wa Mtambwe, ambaye baridi yake kubwa ilikuwa upepo wa kusi mwezi wa Julai, alisimama lindo usiku mahali pale akiwa na koti zito la jeshi, akimlinda Mzungu aliyefungwa. Fikiri maana yake kwa kijana wa enzi ile, aliyezaliwa chini ya himaya ya Mwingereza na kuambiwa tangu utotoni Mzungu ndiye bwana. Kwangu mimi, hadithi hii ni kubwa kuliko ya Kabaw, na ni yake.

Kasha, bahasha na medali

Omba kufunguliwa kasha. Si kila nyumba itakubali mara ya kwanza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wako waliofukia au kuchoma karatasi zenye taji la Mwingereza kwa hofu, na hofu hurithiwa. Usilazimishe, mwambie mwenye nyumba kwamba unataka kupiga picha tu na hutaondoka na kitu.

Unachokitafuta kwanza ni cheti cha kuachishwa jeshi. Kwa kawaida kina namba ya askari, jina, tarehe ya kuingia na kutoka, na neno la mkubwa wake kuhusu tabia. Namba ni muhimu kuliko jina. Iandike pamoja na herufi zilizotangulia, usiziache.

Medali zina lugha yake. Nyota ya Burma ni nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake ni buluu iliyoiva wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa ubavuni. Ukiikuta, babu alifika Burma kweli au alihudumu katika eneo lake. Medali ya duara yenye rangi ya fedha, upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita na upande wa pili simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili, ni Medali ya Vita ya 1939 hadi 1945. Hii ilitolewa kwa aliyehudumu angalau siku 28 kabla ya tarehe 2 Septemba 1945, popote alipokuwa. Aliyeingia mwishoni aghalabu ana hii peke yake. Ukute medali moja tu usidhani nyengine ziliibiwa.

Usiisugue medali kwa majivu wala ndimu. Karatasi usizitie plastiki ya moto. Joto na gundi huziua. Zitandaze juu ya shuka nyeupe karibu na dirisha, mbali na jua la moja kwa moja, upige picha mbele na nyuma, hata nyuma ikiwa tupu. Kisha zirudishe katika bahasha ya karatasi, na kasha liwekwe mahali pasipo na unyevu wala mende. Nasisitiza nyuma ya karatasi, maana ya babu ilikuwa na mistari miwili kwa kalamu ya risasi, kwa herufi za Kiarabu. Kijana wa leo angeiona kuwa ni dua na kuipita. Niliipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, naye akaisoma: ilikuwa Kiswahili, majina ya watu anaowadai na wanaomdai. Wazee wetu wengi walisoma chuoni na wakaandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu maisha yao yote, barua za kutoka kambini zikiwemo. Ukiona hati hiyo mahali popote, ndani ya msahafu, juu ya ubao wa kasha, mtafute anayeisoma kabla hujaamua kwamba haina habari.

Jina lake kwenye vitabu vya wengine

Karani wa jeshi hakumjua babu yako. Aliandika alichosikia. Makame huweza kuwa Makami, Khamis akawa Hamisi, Khatib akawa Hatibu, Faki akawa Fakhi, na "bin" mara ipo mara haipo. Andika kwenye daftari kila namna unayoweza kufikiri, na utafute zote. Mahali pa kuzaliwa huenda pakaandikwa Zanzibar tu, hata kama mtu hajawahi kukanyaga Unguja. Tena jiulize aliandikwa wapi. Wapemba wengi walivuka kwenda Tanga au Mombasa kwa shughuli zao, na babu yangu aliondoka Wete kwa jahazi hadi Tanga, akaandikwa huko. Kwa hiyo nilipomtafuta katika karatasi za visiwani kama askari sikumpata, na sikutakiwa kumpata.

Kwa aliyefariki jeshini, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina inayotafutwa bure kwenye intaneti. Inachukua vifo vya kuanzia Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947, kwa hiyo hata askari aliyekufa kwa maradhi kambini mwaka 1946 huweza kuwemo. Wengi waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye kumbukumbu iliyoko makaburi ya vita ya Taukkyan, karibu na Rangoon. Na kama wa kwenu aliondoka Mombasa mwanzoni mwa 1944 na hakusikika tena, angalia meli Khedive Ismail, iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944. Watu 1,297 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ziko familia za pwani yetu zilizosoma khitma bila kujua mtu wao alizikwa na bahari gani.

Kilimani, na mbali zaidi

Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja. Uliza kwanza utaratibu wa ruhusa, chukua kitambulisho, kalamu ya risasi na daftari. Usiombe "faili la babu". Omba ripoti za mwaka za wilaya ya Pemba za 1942 hadi 1947, mafaili ya Sekretarieti yanayohusu chakula, uandikishaji na askari waliorudi, na magazeti ya wakati huo. Humo hutamkuta babu kwa jina, lakini utaikuta Wete yake: upungufu wa mchele, karafuu, mudiri (mtawala wa serikali wa eneo) na shughuli zake. Kila unaponakili, andika namba ya faili juu ya ukurasa. Bila namba hutaliona tena.

Kama aliandikwa Bara, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na zile za Nairobi zina mafaili ya uandikishaji na ya askari waliorudi. London, katika Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, kuna shajara za vikosi: zile za Burma na India ziko katika fungu WO 172. Shajara hizi huandika kikosi kiko wapi kila siku, mvua, magonjwa, mapigano. Majina ya maofisa yamo. Ya askari wa kawaida ni nadra sana. Usilipie nakala kabla hujajua kikosi, utanunua karatasi za watu wengine.

Kuandika

Gawa kurasa zako kwa kipimo cha maisha yake. Yangu nilijaza nusu nzima kwa yaliyotokea baada ya 1946, na sijutii. Alirudi na koti, blanketi, bahashishi yake ya kuagwa, na jina jipya: kijiji kizima kilimwita Keya mpaka anakufa. Deni la baba yake alilipunguza, hakulimaliza. Alikuwa akisoma barua za watu waliosoma Kiarabu lakini hawakujua herufi za Kizungu, maana zile alijifunza kambini, na hivyo nyumba yake ikawa mahali pa watu wenye karatasi za serikali. Baada ya Mapinduzi, ardhi ilipogaiwa kwa eka tatu tatu, ni yeye aliyewasomea majirani hati zao. Hili ndilo jeshi lilimfanyia, na ndilo kijiji kilipata kutokana na vita vya Bama ambavyo hakupigana.

Mwaka 1961 wa machafuko ya uchaguzi na mwaka 1964 wa Mapinduzi itakuja kwenye mazungumzo, upende usipende. Pokea unachopewa. Ukiambiwa "hilo tuliache," liache, na usilitafute kwa mlango wa nyuma kwa mtu mwengine wa nyumba ileile.

Kila jambo liandikwe pamoja na chanzo chake: bibi kasema, mzee fulani kakumbuka, cheti kinaonesha. Pasipo na habari, andika kwamba haijulikani, uendelee. Usimtilie babu maneno kinywani. Mfano, mimi sikuandika "babu alihisi upweke mkubwa chini ya mlima". Niliandika hivi: "Alilinda kambi ya mateka wa Kitaliani, Nanyuki kwa jinsi ushahidi unavyoelekea. Mzee aliyekuwa mtoto wakati ule anakumbuka akisimuliwa juu ya baridi na mlima mweupe. Dada yake anakumbuka kwamba tangu aliporudi hakulala tena bila blanketi, hata kiangazi." Msomaji atahisi mwenyewe.

Maneno ya kijijini yaache yalivyo. Kama bibi alisema "kaskazi", usiandike "Februari" ukaifuta kaskazi. Andika zote mbili. Majina ya mabonde ya mpunga, vitongoji, visima na misikiti yaandike kwa ukamilifu, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayopotea mwanzo.

Ukimaliza rasimu, isome mbele ya familia kwa sauti, siku watu wamekusanyika, khitma au arusi. Watakukatiza. Kila anayekukatiza mwandike, kwa sababu ndiye shahidi wako mwengine. Kwetu, ni wakati wa kusoma ndipo binamu mmoja wa baba aliposema kwamba koti la jeshi lipo, liko Micheweni, na limekuwa likivaliwa na walinzi wa mashamba kwa zamu.

Chapisha nakala chache. Moja ya nyumbani, moja ya tawi la ukoo lililohamia Unguja au Bara, na moja iweke skuli ya kijiji, kwa mwalimu wa historia. Ya nne mpe yule mzee aliyekusimulia, kwa herufi kubwa, maana atataka kuisoma mwenyewe na kukuonesha ulipokosea.